Sura ya Sita: Mshenga Anapojisemea

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2024, Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa katika uwanja wa michezo wa Kwale, mji mdogo ulioketi juu ya vilima vya Shimba. Nchi nzima ilikuwa imetega sikio, na si kwa ajili ya mashujaa peke yao. Siku tatu nyuma, tarehe 17, Seneti ilikuwa imemng'oa naibu wa rais, Rigathi Gachagua, na Rais William Ruto aliingia uwanjani bila naibu ubavuni. Kaulimbiu ya mwaka ule ilikuwa nyumba za bei nafuu. Wengi waliokuwa wakisikiliza walitaka kusikia mengine.

Anayezijua sherehe zetu za kitaifa anajua kuwa kwa kawaida huwa na hotuba mbili. Ya kwanza imeandikwa. Ni ya Kiingereza, imepangwa aya kwa aya, ina takwimu za kila wizara na salamu za kila mheshimiwa, na wanahabari hupewa nakala yake. Ya pili haina karatasi. Rais akishamaliza kusoma hufunga makabrasha, hunyanyua uso, huingia Kiswahili, na watu waliokuwa wameanza kusinzia juani huamka. Rais Moi aliifanya desturi hii ikawa kama sehemu ya ibada. Waliokuwa na redio miaka ya themanini wanakumbuka walivyongoja Kiingereza kiishe ili mzee aanze kusema. Kesho yake gazeti huchapisha hotuba ya kwanza, na watu barazani huizungumza ya pili.

Sura hii inamhusu mtu wa hotuba ya kwanza. Hatumwoni. Hayumo jukwaani, jina lake halimo kwenye itifaki, na akiifanya kazi yake vizuri msikilizaji hatajua hata kuwa yupo. Kisha siku moja mtu huyo anahama. Anaondoka katika afisi ya mkubwa, anapewa safu ya kila wiki gazetini, picha yake inawekwa juu, jina lake linapigwa kwa herufi nzito, na anaanza kutwambia anayoyafikiri yeye mwenyewe. Tumsomeje?

Barua ya posa

Pwani ya kusini ina jina lake la kazi hii, la tangu zamani. Kijana wa Vanga, wa Wasini au wa Msambweni akitaka kuoa, hajiendei mwenyewe. Hutafutwa mshenga: mtu mzima, mwenye ulimi mzuri na uso usiokunjika upesi. Mshenga hubeba barua ya posa, na mara nyingi barua hiyo haikuandikwa na kijana. Imeandikwa na ami yake mwenye hati nzuri, au na ustadhi wa madrasa anayejua kuianza kwa bismillahi na kuimaliza kwa taadhima. Wakwe wakijibu, wakitaja mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama, mshenga huyabeba hayo nayo. Akirudi na habari mbaya hakaripiwi. Mjumbe hauawi, kwa kuwa aliyoyasema si yake.

Mwandishi wa hotuba ni mshenga wa dola. Na huna haja ya kwenda Ikulu kumwona. Nenda Kibuyuni, kule upande wa Shimoni ambako akina mama wanalima mwani, au nenda Gazi kwa watu wa mikoko, siku mbunge au waziri amealikwa. Mgeni rasmi atasomewa risala. Anayeisoma ni mwenyekiti, kwa sauti ya heshima, huku akishika karatasi kwa mikono miwili upepo usiipeperushe. Aliyeiandika ni katibu, usiku wa jana, kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari la shule la mwanawe. Shukrani zimekuja kwanza, kisha mafanikio, kisha changamoto, kisha maombi: mashine ya kukaushia, boti, barabara. Mgeni rasmi akijibu, humsifu mwenyekiti kwa risala nzuri. Katibu hupiga makofi pamoja na wengine.

Huko juu kazi ni ile ile, ila ina mikono mingi zaidi. Rasimu huzunguka. Wizara inaongeza tarakimu zake, mwanasheria anaondoa neno linaloweza kuleta kesi, mshauri wa siasa anaongeza jina la mbunge aliyenuna. Ukiutazama kwa karibu ukurasa wa hotuba iliyo tayari kusomwa utaona kuwa hauandikwi kama ukurasa wa kitabu. Herufi ni kubwa, za kusomeka na mzee aliyesahau miwani. Mistari ni mifupi, imekatwa pale pumzi inapokatika na wala si pale sentensi inapokwisha. Fedha zimeandikwa kwa maneno, kwa sababu macho yakikutana na sufuri tisa juani ulimi hujikwaa na bilioni ikawa milioni. Majina magumu yamegawanywa silabi. Na sentensi hazining'inii kwenye koma. Kila moja inasimama na kutua, ili makofi yapate mahali pa kuingia.

Huo ndio ufundi wenyewe, na unamjenga mwandishi kwa namna ambayo chuo hakiwezi. Anajifunza kuandika kwa sikio. Anajifunza kuwa neno likishatoka halirudi na kwamba umati hausomi aya mara ya pili. Anajifunza pia kitu kingine ambacho baadaye kitamtesa: kuamini kwa muda. Jumatatu anaandika kwa moyo wote sababu za kuunga mkono jambo. Mkubwa akigeuka Alhamisi, anaandika kwa moyo ule ule sababu za kulipinga.

Wapo washenga waliokaa na siri zao. Mwalimu Nyerere wa Tanzania, aliyekuwa fundi wa lugha kiasi cha kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alikuwa na Joan Wicken, msaidizi wake Mwingereza tangu miaka ya kwanza ya sitini, aliyeshiriki kwa miaka mingi katika kazi ya kuandaa maandishi na hotuba zake za Kiingereza. Hakugeuka kuwa mtoa maoni gazetini. Hapa Kenya, Lee Njiru, aliyekuwa katika kitengo cha habari cha rais enzi za Jomo Kenyatta na Moi, alingoja hadi mwaka 2022, wakubwa wake wote wawili wamekwisha kufa, ndipo akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Hawa walifuata sheria ya mshenga: kauli ni ya aliyenituma.

Ukanda wenye masikio

Kabla hatujawafikia waliovuka kutoka kuandika hotuba kwenda gazetini, inafaa tujiulize kwa nini swali la namna ya kumsoma mshenga anayejisemea linauma zaidi ukiwa katika kaunti ya Kwale.

Hii ni pwani ya watu wanaosikiliza. Kwenye ukanda usiozidi mwendo wa nusu siku kwa matatu utakutana na Kidigo, Kiduruma, Chifundi cha Shimoni na Kivumba cha Vanga na Wasini, na Kiswahili juu ya vyote hivyo. Msemaji akibadilisha silabi moja, wasikilizaji wanajua mama yake ametoka wapi. Mwanasiasa wa hapa hawezi kujificha nyuma ya karatasi. Chirau Ali Mwakwere, aliyekuwa mbunge wa Matuga na waziri wa mambo ya nje, na baadaye wa uchukuzi, alijulikana nchi nzima kwa kuimba jukwaani, hata wimbo wake ukamganda kuwa jina: Zipapa. Kumwandikia mtu wa namna hiyo hotuba ni kama kumwekea muziki wa kanda mpiga zumari. Atakushukuru, atazima redio, atapuliza chake.

Na kuna sengenya. Kwa Wadigo, sengenya ni ngoma, na ni ngoma ya kujivunia, yenye zumari, upatu na chapuo. Katika Kiswahili cha wote, kusengenya ni kumsema mtu asipokuwapo. Sijui fundi wa lugha angeyaunganishaje maneno hayo mawili, lakini kwa kazi ya safu ya gazeti yanashikana vizuri. Mwandishi wa safu anamsema mkubwa asiyekuwapo barazani. Tofauti yake na msengenyaji ni kwamba anaweka jina lake chini ya maneno, na ngoma yake inasikika hadi nyumbani kwa anayesemwa.

Hapo ndipo mshenga wa jana anapopata shida. Ngoma ya sengenya haipigwi kwa kujificha. Mpiga zumari anaonekana mashavu yakivimba. Watu wa Kwale wanamjua ni nani, ametoka kijiji gani, na kama amekodiwa wanajua amekodiwa na nani.

Kuvuka

Mfano unaotajwa sana ni wa William Safire wa Marekani. Alikuwa mtu wa kazi za matangazo kabla ya kuwa mwandishi wa hotuba wa Rais Richard Nixon. Ndiye aliyeandika, mnamo Julai 1969, ile hotuba ambayo Nixon angeisoma kama wanaanga Armstrong na Aldrin wangekwama mwezini na kufia huko. Wanaanga walirudi salama na karatasi ikakaa kwenye faili miaka mingi. Ndiye pia aliyempa makamu wa rais, Spiro Agnew, mwaka 1970, maneno makali ya kuwapiga wakosoaji, yaliyopangwa kwa herufi moja ya mwanzo kama mtoto anayecheza na vitanza ndimi.

Mwaka 1973 gazeti la New York Times likampa safu. Wengi chumbani mwa habari walichukia. Mtu aliyekuwa akiandika matusi ya serikali dhidi ya waandishi sasa awe mwandishi mwenzao? Kilichofuata ni kisa ambacho mtunzi wa riwaya angeona haya kukibuni: Safire akagundua kuwa serikali ile ile aliyoitumikia ilikuwa imetega vinasa sauti kwenye simu yake. Mshenga alikuwa akibeba barua za bwana harusi, na bwana harusi alikuwa akimvizia dirishani. Hasira ile ilimfaa. Tangu hapo akawa mkali juu ya faragha ya raia, hata upande wake wa siasa ulipotaka anyamaze. Mwaka 1978 alipewa tuzo ya Pulitzer kwa makala juu ya mkurugenzi wa bajeti wa Rais Carter, na aliendelea na safu ile hadi 2005.

Baada yake njia ikawa pana. Peggy Noonan, aliyemwandikia Rais Reagan maneno ya kuiliwaza nchi chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, amekuwa na safu katika Wall Street Journal kwa zaidi ya miaka ishirini. Michael Gerson aliyemwandikia George W. Bush alihamia Washington Post. Wote walibeba kitu kimoja kutoka kazi ya zamani: sentensi inayosikika. Lakini wote walilazimika kujifunza upya jambo ambalo hotuba haina. Hotuba inataka kila aliyeketi jukwaani aondoke ameridhika. Safu ambayo kila mtu ameridhika nayo haina kazi. Hotuba inarudia jambo mara tatu ili lizame. Safu ya maneno mia nane haina nafasi ya kurudia hata mara mbili. Na hotuba inamaliza kwa kuwaambia watu wafanye nini, ilhali msomaji wa safu anataka kwanza kuona umefikiaje hapo.

Kwetu Kenya mfano ulio wazi zaidi ni wa Eric Ng'eno, mwanasheria. Alifanya kazi ya kuandika hotuba Ikulu, kisha akawa mwandishi wa maoni katika magazeti ya Nation. Chini ya makala zake kulikuwa na mstari mmoja mfupi uliomtambulisha kuwa mwanasheria na mwandishi wa zamani wa hotuba za Ikulu. Lugha yake ilikuwa ya mtu aliyezoea maikrofoni: ndefu inapotaka kupaa, nzito kwa misamiati, yenye mdundo. Ukimsoma kwa sauti ndipo unamwelewa zaidi.

Kisha ukaja uchaguzi wa Agosti 2022. Ruto akaapishwa tarehe 13 Septemba, na Ng'eno akarudi Ikulu kushughulikia ujumbe na hotuba za rais. Maneno "wa zamani" yakamalizika muda wake. Simlaumu, fundi huitwa na mwenye nyumba. Lakini kwa msomaji, makala za miaka ile ya katikati zinasomeka upya. Zilikuwa maoni ya raia aliyetoka kazini? Au zilikuwa barua za posa zilizoandikwa mapema, kabla ya bwana harusi kuingia nyumbani? Jibu la haki ni kwamba mtu anaweza kuamini kwa dhati anachokiandika na bado akawa ameshachagua upande. Mstari ule mfupi chini ya makala ulitusaidia kujua nusu ya hilo, na nusu ni zaidi ya tunachopewa na wengi.

Mlango wa pande mbili

Wengine walivuka kwa kishindo. Miguna Miguna alikuwa mshauri wa Waziri Mkuu Raila Odinga juu ya mambo ya serikali ya muungano. Agosti 2011 akasimamishwa kazi. Muda si muda akawa na safu katika gazeti la The Star, na Julai 2012 akatoa kitabu, "Peeling Back the Mask", ambacho sehemu zake zilichapishwa gazetini na nchi ikazisoma kama tamthilia. Mshenga alirudi kwa wakwe bila kutumwa na kuwaeleza yote aliyoyaona nyumbani kwa bwana harusi. Aliyemjibu magazetini alikuwa Sarah Elderkin, mhariri wa zamani wa Weekly Review, ambaye naye alikuwa mtu wa kalamu wa Raila na ndiye aliyeshirikiana naye katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2013. Kwa wiki kadhaa wasomaji walikuwa wakishuhudia washenga wawili wa nyumba moja wakipigana kwenye kurasa za maoni, kila mmoja akiapa kuwa anasema ukweli tupu.

Mlango huu haufungukii upande mmoja. Barrack Muluka amekuwa na safu katika Standard kwa miaka mingi, na katikati yake akawa katibu mkuu wa chama cha ANC cha Musalia Mudavadi. David Ndii alitisha serikali ya Uhuru Kenyatta kwa safu yake ya uchumi kabla ya kuingia katika mikakati ya upinzani mwaka 2017, na baada ya 2022 akawa mkuu wa washauri wa uchumi wa Rais Ruto. Anayetoka jukwaani kwenda gazetini anakutana mlangoni na anayetoka gazetini kwenda jukwaani. Wanasalimiana. Wanajuana.

Hapo ndipo ninapoona hatari yenyewe, na si kwenye uhaini wala usaliti. Hatari ni kwamba wote wawili wanaona nchi kutoka sehemu moja: kutoka jukwaani, wakiwatazama watu usoni, wakihesabu makofi.

Msambweni, Desemba 2020

Tuchukue jambo lililotokea hapa hapa. Mbunge wa Msambweni, Suleiman Dori, alifariki Machi 2020. Ugonjwa wa korona ukachelewesha uchaguzi mdogo hadi tarehe 15 Desemba. Chama cha ODM cha Raila kilimsimamisha Omar Boga. Jubilee, kilichokuwa chama tawala, hakikuweka mtu kwa sababu ya ule mkono wa maridhiano wa Machi 2018 baina ya Uhuru Kenyatta na Raila. Feisal Bader alisimama kama mgombea huru, naibu wa rais wa wakati ule, William Ruto, akamuunga mkono, na Bader akashinda.

Fungua kurasa za maoni za wiki ile. Karibu zote zilikuwa na hesabu moja: Ruto amempiga Raila, mkono umelegea, 2022 imeanza. Hesabu haikuwa ya uongo. Lakini Msambweni yenyewe ilikuwa wapi? Ilikuwa imebaki jina la uwanja wa mpira ambamo timu mbili za Nairobi zimecheza.

Mwandishi aliyekaa siku mbili Msambweni angekuta mengine. Angekuta mchanga wa titani uliokuwa ukichimbwa na Base Titanium, ambao shehena yake ya kwanza iliondoka Februari 2014, na vijana wakiuliza mgodi ukifungwa itakuwaje. Mgodi ulifungwa Desemba 2024, na swali lile lingali palepale. Angepita Ramisi, penye miwa na kumbukumbu ya kiwanda cha sukari kilichoanguka mwishoni mwa miaka ya themanini, na wazee wanaokihesabu kama watu wa kwingine wanavyohesabu vita: kabla ya kiwanda, baada ya kiwanda. Angesikia habari za hatimiliki Diani, ambako mtu anaweza kuzaliwa hatua mia kutoka baharini na asiwe na njia ya halali ya kufika maji. Kura zilipigwa na watu wenye mambo hayo vichwani. Mgombea aliyeyataja kwa Kidigo alikuwa na faida kuliko aliyetaja majina ya wakubwa.

Mwandishi wa safu aliyetoka katika kuandika hotuba ana udhaifu wa pekee hapa. Amefunzwa kuigeuza Msambweni kuwa aya moja: salamu kwa Kidigo, ahadi ya barabara, mzaha wa mnazi, basi. Akihamia gazetini, aya ile inahama naye. Inabidi aivunje makusudi, kwa kukaa na watu ambao hawatampigia makofi.

Na kuna jambo la lugha. Gazeti la Taifa lilianzishwa mwaka 1958, likanunuliwa na Aga Khan mwaka uliofuata, na kampuni ya Nation ikakua kutoka hapo. Yaani Kiswahili ndicho kilichokuwa mlango wa nyumba ile. Lakini leo safu zinazowatisha mawaziri zimeandikwa kwa Kiingereza, na msomaji wa Lunga Lunga huzipata kwa njia ya mshenga mwingine: mtangazaji wa redio anayesoma magazeti asubuhi na kuyafasiri papo kwa papo, huku akiongeza chumvi yake. Hotuba ya Kiingereza inapata hotuba yake ya Kiswahili, na safu ya Kiingereza nayo inapata yake. Katika yote mawili, aliye pwani anasikia kauli ya mtu wa pili.

Huyu katumwa na nani?

Kaa barazani jioni, Ukunda au Msambweni, muuza kahawa amelitua dele lake na vikombe vinagongana. Kijana anasoma gazeti kwa sauti, wazee wanasikiliza kwa utulivu. Akifika mwisho wa makala, mzee anauliza swali lile lile kila mara.

"Huyu ni wa nani, mwanangu?"

"Ni mwandishi, ami. Anasema maoni yake."

"Hilo nimelisikia. Nauliza, huyu katumwa na nani?"

Msomi anaweza kulidharau swali hili na kusema kuwa hoja hupimwa kwa uzito wake, haipimwi kwa aliyeisema. Mimi naona mzee ana haki. Amekaa karibu na washenga maisha yake yote na anajua kuwa maneno mazuri si ushahidi wa nia. Kabla hajaijibu posa, lazima ajue ni ya nyumba gani. Hamkatai mshenga. Hakatai hata kumsikiliza mshenga aliyeacha kazi na sasa anajisemea. Pengine huyo ndiye anayejua zaidi, kwa kuwa ameona jikoni. Anachokataa ni kuuziwa barua ya posa kama habari.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahariri wetu si kubwa na halina gharama. Mwandishi wa safu aliyewahi kumwandikia mwanasiasa hotuba, taarifa au kitabu, basi chini ya makala yake iandikwe: alimwandikia nani, tangu mwaka gani hadi mwaka gani. Akirudi kazini kwa mkubwa, isimamishwe safu siku hiyo hiyo na msomaji aambiwe. Ni mistari miwili tu. Na wewe msomaji wa Kwale, wa Kinango hadi Vanga, usipoiona mistari hiyo, fanya kama ami barazani: uliza katumwa na nani, kisha ndipo unywe kahawa yako.